Fumbo la Arobaini na Saba

"Halina jibu," ilisema programu
kwa maandishi mekundu niliyoyachagua mwenyewe.
Nyamizi akaleta daftari la hesabu,
ukurasa wa nyuma, penseli butu:
taa tisa katika miraba thelathini na sita,
kila mraba umepata mwanga,
hakuna taa inayoitazama nyingine.
"Mashine yako mwongo, mama mdogo."

Leo siku ya tatu naifuata nyayo,
hapa Isevya, nyuma ya duka la Kalunde
la kuchapa, laminesheni na kopi.
Naiona ikitembea vizuri:
panapolazimu taa, inaweka taa,
panapokatazwa, inatia nukta.
Ikikwama hubahatisha, kama mtu yeyote.
Ikigonga ukuta hurudi ilikoanzia
ijaribu upande wa pili,
na hapo ndipo inapopotea.

Wahenga walikataa kuzoa maji yaliyomwagika.
Sisi riziki yetu ni kuyazoa,
tone kwa tone, hadi sakafu isikumbuke.

Saa tisa umeme ukarudi, na wateja nao.
Mwanitu wa chama cha wafuga nyuki
alikuwa na fomu moja tu kutoka wilayani.
"Nitolee tatu," akamwambia Kalunde,
"nikosee kwenye hizi, yenyewe ibaki safi."
Akakaa kwenye benchi, akakosea
idadi ya mizinga, akafuta,
akakosea tarehe,
akaikunjakunja karatasi, akaanza nyingine.
Fomu yenyewe imelala ndani ya bahasha,
haijui lolote.

Nikarudi mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Pale nilipoandika "nakala"
hapakuwa na nakala.
Palikuwa na ubao uleule, majina mawili.
Kila kisio lililoshindwa liliacha nukta zake
kwenye ubao wa kweli,
na kisio lililofuata likazikuta,
likadhani ni sheria.

Neno moja nimeongeza. Neno moja, siku tatu.
Nikabonyeza: taa tisa,
zilezile za penseli.
Kisha nikayapitisha mafumbo yote mia tatu,
na la mia moja na tisa, lililokuwa likifunguka
kabla sijapepesa jicho,
sasa lasota dakika nne.
Hilo la kesho.

Kalunde anauliza mbona nacheka peke yangu.
Namwekea mezani shilingi mia,
ya kopi ambayo hakunitolea.