Milimita Kumi na Tisa

Agosti, tukishuka Vršič, kona ya thelathini na moja,
masanduku yamejaa jibini na nguo mbichi,
nilibana breki, nao mkono wake ukanijia mpaka kwenye mshikio,
laini, kama chuchu ya mbuzi aliyekwisha kukamuliwa.
Pua ya pikipiki ikainama, mkia ukanyanyuka,
na mbele kondoo, barabara nzima kondoo.
Mmoja, mwenye kengele, alinitazama kama mtoza ushuru.
Kati ya tairi na pua yake ilibaki shubiri.

Vinko alishuka. Akavua helmeti.
Akasema, "Mvua itanyesha,"
akazitembea kwa miguu kona kumi na tisa zilizobaki,
nami nyuma yake kwa gia ya kwanza.

Hatukulizungumza. Miaka thelathini na moja ya ndoa:
tunajua kunyamaza.

Basi majira ya baridi nilihamia gerejini.
Injini haijawahi kunidanganya tangu mwaka tisini na saba;
vilivyochoka ni vile visivyoimbiwa.
Watu husifu mbio. Nani amewahi kusifu kusimama?

Nikafungua foki. Mafuta yalitoka meusi,
yananuka samaki aliyesahauliwa,
na springi za kiwandani, wembamba wake!
Zilikatwa kwa kijana asiye na mizigo wala mume.
Mipira ya breki ilikuwa imevimba:
nguvu ya mkono iliishia tumboni mwake
kabla haijafika gurudumuni.
Nikaitupa, nikaweka mirija ya chuma iliyosukwa kama ukili.
Kalipa, za pistoni nne, nilizitoa kwa binamu yake mdogo
aliyeanguka karibu na Gorica,
kwa bei ya kondoo mmoja. Ndivyo ilivyokuwa.

Tilen wa jirani alikuja kunisaidia kutoa hewa.
Bana. Shikilia. Achia. Bana.
Viputo vikapanda kwenye mrija, vidogo, vya aibu,
hata mwisho kikatoka kimoja,
tukakingoja kingine, hakikuja.

Shokapu ya nyuma niliituma kwa fundi Rejc, Idrija.
Akauliza kwa simu: uzito wako? Wa abiria?
Wangu niliupunguza kilo tatu.
Wa Vinko nilimtajia ule ninaoujua: tisini na mbili.

Machi nikamwita akalie, na koti lake, na buti,
Tilen ameshika usukani, mimi chini na tepu.
Ilipasa tuzame milimita thelathini na tano.
Tulizama kumi na tisa.
Nikapima tena. Nikamlaumu Rejc kwa sauti,
nikamlaumu na babu yake.
Kisha nikanyamaza, nimepiga magoti pale pale.

"Vinko. Una kilo ngapi?"
Akaisoma kalenda ya duka la mbegu.
"Sabini na nane. Labda saba."
"Tangu lini?"
"Tangu kondoo."

Mimi ninayemkatia mkate kila asubuhi!
Chini ya sweta la sufi mtu alikuwa anapungua,
na macho yangu yote yako kwenye chuma.
Usiku, akasema, huota mkono wa breki
unaokuja, unaokuja, hauna mwisho.

Nikachukua spana nilegeze springi, mizunguko miwili ingetosha.
Akanishika kifundo cha mkono.
"Acha. Hiyo iko sawa. Nitaijaza."
Akapanda ngazi. Nikasikia kikaango.

Aprili tulifika kona ya arobaini na nane tu,
juu theluji ilikuwa bado haijatoa ruhusa.
Nilibana kwa vidole viwili.
Pua haikuinama. Mkia ulirudi taratibu,
kama mlango wa kanisa nyuma ya mtu aliyechelewa.
Nikangoja aseme neno.
Kilichonijia kutoka ndani ya helmeti yake
kilikuwa sauti ya mtu anayetafuna.