Bado Sipendi

Sipendi ohangla.
Nalisema hili nikiwa Kondele, mchana kweupe,
bisibisi mdomoni,
na hakuna jiwe lililonipata bado.

Zedekia Ojuang' alileta spika mbili za inchi kumi na tano,
koni zimechanika kama shati la mlevi.
Zilitoka matangani Ahero, siku nne mfululizo.
"Hupendi ipi?" akauliza.
Yote.
"Umeisikia yote?"

Nikamwonyesha Perez ng'ambo ya mtaro,
sinia lake la omena likimeta juani.
Omena pia sili.
Sijaonja kila omena aliyewahi kuogelea ziwa hili,
wa Usenge, wa Homa Bay, na yule mtukufu mmoja
ambaye pengine angenigeuza moyo.
Nilionja wa kutosha. Ulimi ukatoa hukumu,
tumbo likatia sahihi.

Perez akacheka, akasema mimi ni Mmaragoli, nina udhuru.
Zedekia hakucheka.
"Omena hakutungwa na mtu," akasema.
"Hakuna aliyekesha akimtafutia mkia unaomfaa."

Akaenda zake. Nikabaki na maneno yake
yakikwaruza kama redio kati ya stesheni mbili.

Nikalikagua neno langu nikaguavyo waya,
kidole kwa kidole, nikitafuta palipokatika.
Sipendi: fungua kifuniko, mimi nimo ndani,
nimejikunja kwenye hiyo si ya mwanzo
pamoja na chumba cha Nyalenda mwaka wa mafuriko,
jenereta la jirani, mtoto wetu mwenye homa,
na ngoma ile ikipiga ukuta hadi alfajiri
kana kwamba duniani hakuna alalaye
wala afaye kimyakimya.
Hilo ni langu. Silirudishi dukani.

Lakini nimewahi pia kusema haifai.
Nilisema kwenye harusi ya shemeji, Mbale, soda mkononi,
watu wa heshima wakitikisa vichwa:
haifai, kelele tupu, huo hata si muziki.
Fungua haifai. Mimi simo.
Nimetokea mlango wa nyuma
nikaiacha ngoma ilaumiwe peke yake.

Koni zikakauka gundi.
Spika haijaribiwi kwa ukimya.
Nikachomeka kile kidude cha nyimbo alichoniachia,
kinanda kikaingia na meno yake yote nje, kama kawaida,
kisha sifa za mheshimiwa fulani, za shemeji zake,
za mwenye baa, za aliyelipia jenereta.
Dakika ya tatu, sijui nani, mpigaji mmoja
alizuia mkono.
Pigo lilipaswa kuwapo, halikuwapo,
kama ngazi inayokosekana gizani,
na mguu wangu, huu huu, ukatua hewani.

Kinanda kikarudi. Nikaichukia tena.

Ila twita ya kushoto ilikuwa ikikoroma.
Ningeiacha. Nani angejua?
Katika muziki ule, nilijiambia, kukoroma ni pambo.
Nikaisikia haifai ikipenya tena, imevaa aproni yangu.
Nikafungua, nikachoma risasi, nikabadilisha twita
kwa ile niliyoiwekea redio ya nyumbani.

Jioni Zedekia akaja. "Sasa?"
Bado sipendi.
Akalipa, akaomba nipunguze mia mbili, nikakataa.
Akauliza twita hii mpya aliiagiza nani.
Nikamwambia nikiichukia nataka niichukie yenyewe,
isiwe ni spika.
Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi
asijue kama arudishe.

Perez alikuwa akikunja turubai.
Akanirushia omena mmoja, mkavu, mwenye macho.
Nikatafuna polepole, kwa haki yote,
hadi mkiani.

La.