Daftari la Dizeli

Muuzaji alisema: lita moja, kilomita kumi na tatu.
Alisema huku akipapasa boneti
kama mtu anayeuza ng'ombe na hataki umtazame kwato.
Mume wangu Chitanda akatia saini,
na korosho za misimu mitatu zikawa ufunguo
wenye kitufe cha kulia twii.

Mimi nilinunua daftari.

Safari ya kwanza, Mtwara hadi Lindi na kurudi:
lita moja, kilomita nane na nusu.
Nikaandika. Sikusema.
Ya pili, nane.
Ya tatu, nane tena,
Chitanda akaniuliza kalamu yangu ina ugomvi gani na gari lake.

Tukaanza kumsaka mwizi.
Tulishuku sheli; wakatupimia mbele ya macho yetu
kwa ndoo ya chuma yenye mhuri wa vipimo.
Halikupungua tone.
Shemeji Mnyambe akasema ni upya:
"Gari jipya ni kiatu kipya, linabana. Lipeni kilomita elfu tano."
Elfu tano zikapita. Kiatu kikabana vilevile.

Ndipo nikaomba kupanda.
Nilikaa mbele, daftari pajani.
Tulipoiacha Mikindani na lami ikanyooka
nikautazama mshale: tisini, mia na kumi, mia na ishirini,
na kiwiko cha Chitanda nje ya dirisha.
Upepo ukalia kwenye keria la nondo
alilochomelewa na fundi Hokororo,
keria ambalo halijabeba hata mkungu wa ndizi.
Ukaanguka ndani ya bodi tupu,
ukaugonga mlango wa nyuma,
ukarudi kutuvuta mashati.
Nikajisemea: kumbe abiria ndiye huyu.
Anapandia Mtwara, anashukia Lindi,
na nauli tunamlipia sisi.

Na zile tairi!
Zilizokuja na gari aliziuza wiki ya kwanza,
akataka ndefu, pana, zenye meno,
za kupandia mashamba ya Newala
tunakokwenda mara mbili kwa mwaka.

Baada ya Mpapura nikaanza kuhesabu nguzo za kilomita.
Nguzo hamsini.
Saa ya gari ikasema arobaini na sita.
"Chitanda, simama."
Akadhani nataka pweza.

Nikamwambia: tairi kubwa lina hatua ndefu,
na gari linahesabu hatua, halihesabu njia.
Marehemu baba yako alipima shamba kwa miguu yake mirefu,
jirani akapima kwa yake mifupi,
wakashtakiana miaka sita kwa shamba lilelile.
Nane yetu ni nane nukta saba.
Hiyo nukta saba hakuiba mtu.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu daftari lianze.
"Na iliyobaki?"
Nikautazama mguu wake wa kulia.
Akaacha kucheka.

Tulirudi kwa themanini, vioo juu,
keria tumeliacha Lindi kwa dada yake, anaanikia dagaa.
Wimbo wa upepo ukashuka ukawa mnong'ono.
Pale Mingoyo kijana wa pweza akanyanyua sinia,
akakodoa, akapiga kelele:
"Chitanda! Chitanda wa baiskeli! Ni lako hilo?"
Miezi minne alikuwa akimpita pale kama risasi
ili watu waliomjua akisukuma magunia wamwone,
na hakuna aliyewahi kumwona.
Alipunga mkono mpaka kijana akapotea kwenye kioo.

Kumi na moja na nusu, nikaandika.
Kumi na tatu ilibaki dukani kwa muuzaji,
nadhani bado anaipapasa.

Wiki iliyopita nilikuwa Nanyamba kwenye msiba.
Niliporudi nikafungua daftari,
nikakuta mwandiko si wangu, umelala upande kama nyasi:

Tisa.
Barabara ilikuwa tupu, mama Somoe.
Nisamehe.