Viganja Sitini

Miaka kumi na sita halua hii ya Langoni
imetoka mkono mmoja, wangu.
Kuni za mvinje, mimi. Kukoroga, mimi.
Kupima, kufunga, kuandika madeni daftarini,
kumbembeleza mwenye duka wa Mkomani alipe,
hata kusugua masizi ukutani, mimi.
Watu husema Shufaa ana baraka ya mkono,
nami nikaufungia kama fedha ya akiba.

Halafu bega likagoma.
Usiku wa kuamkia harusi ya kina Famau,
kilo arobaini zimeagizwa,
mwiko ukanikwama katikati ya karai
kama mtu aliyeambiwa neno zito.

Swabaha alikuwepo. Miaka miwili alikuwepo,
kazi yake kumenya lozi na kuosha masinia.
"Nipe," akasema.
Nikampa mwiko, sikumpa imani.
Nilisimama nyuma yake nikikoroga kwa mdomo:
polepole, gusa chini, usiache kona, aa, si hivyo.
"Karai ni duara, Bi Shufaa. Halina kona."
Wala hakugeuka.

Wiki iliyofuata nikamwachia tangu mwanzo.
"Sukari kiasi gani?"
"Viganja sitini."
"Vya nani?"

Tukaitazama mikono yetu juu ya gunia:
changu sahani ya wali,
chake kisahani cha kahawa.
Sitini vyake vingetoa halua ya mgonjwa.
Ndipo nilipojua sikuwa nimemficha mtu siri.
Siri yenyewe sikuwa naijua.

Tukaazima mizani.
Nikachota, nikamwaga; akasoma, akaandika.
Gramu tisini na tano. Tisini na mbili.
Tisini na tano tena.
Samli, nikasema, mpaka ing'ae.
Akangoja, kalamu hewani, mpaka niliposema vijiko.
Zafarani ilitula asubuhi nzima.
Nilihisi napimwa sanda
nami ningali napumua.

Karai lake la kwanza liliungua chini.
La pili, iliki ilizidi.
La tatu akaja Mwalimu Athmani,
akatafuna, akanyamaza, akauliza,
"Leo nani kapika?"
Neno samahani lilikuwa tayari ulimini mwangu.
"Mimi," akasema Swabaha.
Mwalimu akaongeza robo kilo.
Usiku ule sikupata usingizi
na sikumwambia mtu kwa nini.

Leo alasiri nimejinyoosha kitandani, jambo geni.
Funguo za stoo ziko kiunoni mwake.
Daftari la madeni bado liko chini ya mto wangu;
hilo tutaona baada ya Idi.
Ng'ambo ya ukuta mwiko unakwangua shaba,
una haraka kuliko wangu, una umri wake.
Chini ya shuka mkono wangu wa kulia
unazunguka, unazunguka.
Nauambia, tulia.
Hautulii.
Nyumba inanukia hata hivyo.