Hesabu ya Kuamka

Kabla hujalifunga kwenye toroli, Mihayo,
niambie utalibebesha nini.
Usiniambie "vitu vidogo vidogo."
Hakuna kitu kidogo chenye koili ya moto.

Kwenye boksi waliandika elfu mbili mia tano.
Hiyo ni nguvu ya kukurupuka,
ya mtu aliyekanyaga nyoka.
Nguvu ya kutembea nayo hadi asubuhi ni elfu mbili,
nami napunguza tena, kwa sababu limezeeka,
na kwa sababu petroli ya hapa Sikonge
siku nyingine ina mambo yake.

Babu mzaa babu alitoka Unyanyembe na pembe begani.
Hata wao walinyanyua kwanza,
wakashusha, wakatema mate:
huu naubeba, huu tafuta mwingine.
Jenereta halina mdomo wa kukataa.
Linabeba mpaka linanuka.

Leta daftari. Taa, wati tisa tisa;
funga hata kumi, mia haifiki. Hizo ni vifaranga.
Televisheni themanini. Redio acha, usiandike.
Pasi ya shangazi yako, elfu moja na mia mbili:
pasi ikiingia, wengine wote wakae kimya.
Birika sitaki hata kulisikia.

Friji ndiyo yenye hila.
Mgongoni imeandikwa mia moja na hamsini,
sura ya mpole.
Lakini mpole huyu akiamka
anadai mia sita, palepale, mkononi,
kisha anarudi kwenye mia na hamsini zake
kama si yeye.
Randa yako ni hivyohivyo.
Grinda hivyohivyo.
Ile mashine ya kikundi cha asali kule Tutuo, hivyohivyo.
Kila chenye mota hutoza kuamka.
Basi usiviamshe pamoja.
Kimoja. Hesabu hadi kumi.
Kingine.

Haya sikuyasoma, niliyaunguza.
Harusi ya binti wa Nyanzala: taa na muziki tu, waliniapia.
Saa nne usiku muziki ukashuka,
ukashuka,
mwimbaji akawa ng'ombe anayezaa,
taa zikawa nyekundu kama pilipili zilizoanikwa.
Nikakimbilia jikoni.
Birika mbili, na mpambaji nyuma ya pazia
anamkausha bibi harusi nywele.
Nililipwa debe la karanga na pole nyingi.
Kapela wangu alikaa siku tisa barazani
akisuka upya waya za shaba, uzi kwa uzi,
bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Wewe hukumkuta Kapela yule.
Huyu wa sasa, kila alfajiri,
anakaa ukingoni mwa kitanda
na kusimama kwake kunataka watu watatu
walio ndani ya mtu mmoja.
Mara ya kwanza anarudi chini.
Mara ya pili anashika ukuta.
Akishasimama lakini, ungemwona!
Anafika hadi kwenye mzinga wake wa nyuma ya nyumba,
anawatukana siafu, anacheka.
Tatizo halikuwa kutembea.
Kwa hiyo saa ile siwashi chochote.
Sisongi uji, siwaiti wajukuu,
simwulizi amelalaje.
Namshika kiwiko tu.
Nahesabu hadi kumi,
na siku hizi nafika kumi na saba.

Umeandika? Randa peke yake, basi.
Ukitaka kuwasha friji, zima randa kwanza,
ipumzike, wewe pia unywe maji.
Lizime kabla ya kulitia mafuta,
na lisilale ndani nanyi; moshi wake
huua usingizini bila kubisha hodi.

Jumatano unirudishie. Pamoja na kamba yangu ya bluu,
Mihayo, ile ndefu,
si kipande.