Kobe wa Kwenye Bajaji

Saa nane usiku, lindoni Mikocheni.
Geti limefungwa, mbu wameingia zamu.
Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya,
simu nimeibana kati ya sikio na bega.
"Vitanzi sita," anasema Siwema. "Sita, si saba.
Ukizidisha, gamba litavimba kama andazi."

Yeye yuko Mbagala, kitandani,
kifurushi cha usiku ndicho kinachotuunganisha.
Miaka ishirini na miwili amefuma vitambaa vya makochi,
seti za harusi, seti za kukopesha,
nyingine hazijalipwa mpaka leo,
hadi vidole vikaanza kufa ganzi,
vikadondosha kroshia, vikadondosha kikombe,
mwisho vikashindwa kufunga kanga.
Sasa mikono yake ni mimi.
Mikono mibaya. Imezoea rungu.

Uzi hatukununua.
Nililifumua sweta la shule la Sikudhani, la kijani,
lenye doa la wino kwenye kiwiko.
Fuma, fumua: herufi moja tu imeingia katikati,
na kidato cha nne chote kikarudi kuwa donge la uzi
uliojikunjakunja, usiotaka kunyooka,
kana kwamba bado unayakumbuka mabega.

Usiku wa tatu nilifumaniwa nikifuma.
Gari la mama mwenye nyumba lilipiga honi mara mbili
kabla sijaficha kitu chini ya kofia.
Akashusha kioo.
"Mzee Pazi, hicho nini?"
"Mguu, mama."
"Mguu wa nani?"
Nikamwambia wa kobe.
Akanitazama sana, akapandisha kioo, akaingia ndani.
Nikajua kazi imekwisha.
Asubuhi dada wa kazi akanitolea mto uliochanika:
"Kasema uchukue sufi."

Sufi ile inaruka! Ilinikaa kwenye ndevu,
nikapiga chafya, mbwa wa jirani akaitika.
Nikaishindilia kwa kidole gumba, gamba kwanza, kisha kichwa.
Macho nikayatoa kwenye nguo zangu:
kishikizo kimoja cha sare ya kampuni,
kingine cha shati la Idi.
Havilingani. Kobe anakonyeza.

Siwema hakucheka alipoletewa.
Alimpitisha shavuni, maana vidole havimwambii kitu tena,
shavu ndilo linalopima siku hizi.
"Hapa shingoni umelegeza," akasema.
Kisha, baada ya kitambo:
"Mwache hivyohivyo."

Bajaji ya Sikudhani ni ya mkataba, bado miezi kumi na mmoja.
Nyuma imeandikwa jina lake
na abiria wanafikiri ni msemo,
wanamwuliza, hukudhani nini?
Kobe ananing'inia juu ya usukani
kwa kamba ya vitanzi arobaini, kama mama yake alivyoagiza.
Vijana wa kijiweni Mwenge wanamwita Bofulo.

Mimi sikumwambia neno kuhusu mwendo.
Ningemwambia nini, mtu anayetafuta hesabu ya siku?
Alfajiri moja alinipakia bure,
natoka lindoni, miguu imejaa.
Taa za Bamaga zikawaka nyekundu,
kobe akaendelea mbele peke yake, akagonga kioo,
akarudi, akazunguka, akanipa mgongo.
Sikudhani akamshika kwa vidole viwili, bila kumtazama,
kama unavyomshika mtoto sikio asilie msikitini,
akamsubirisha.
Ikawaka kijani.
Hakuruka. Wa nyuma yetu akapiga honi, akatukana,
naye akaondoka taratibu, bado kamshika.

Siwema akapiga simu tukiwa njiani.
"Kamba si ndefu? Isije ikampiga usoni."
Nikapima kwa jicho.
Nikasema inatosha, arobaini kamili.
Vilikuwa arobaini na kimoja.