Namba Nne

Umekuja na glavu nyeupe, bwana,
na kioo cha kukuzia, na daftari,
unauliza boksi la asili liko wapi.
Hapakuwa na boksi.
Babu Shaame aliwafunga kwa gazeti kuukuu
na uzi wa mgomba, fundo moja,
mtoto alifungue kwa meno kabla hajafika kwao.

Watu wa Juu, ndivyo alivyowaita.
Wa kwanza alizaliwa mwaka aliorudi Pemba,
kituo cha Tunguu kilipofungwa,
alikokuwa akifagia chini ya mitambo
iliyotegwa kumsikiliza mtu
aliyeizunguka dunia ndani ya kopo.
"Kopo," alisema babu, "nililiona kwenye picha. Kopo tupu.
Na mimi ni fundi wa makopo."
Wete nzima ikacheka. Yeye akavukuta makaa.

Namba moja, Rubani.
Antena yake spoku ya baiskeli,
macho yake misumari miwili ya viatu.
Mgeuze, mchungulie kifuani kwa chini,
utasoma: *koroga na maji vuguvugu*.
Ndio moyo wake huo.
Watoto wa hapa walijua kusoma;
walimtia maji, wakamkoroga, ndio maana wengi wana kutu.

Namba mbili, Msikilizaji,
masikio vifuniko vya dawa ya viatu.
Ukimtikisa analia: ndani mna choroko tatu.

Namba tatu, Bibi wa Zuhura, peke yake mwenye rangi,
buluu iliyobaki walipopaka milango ya skuli.
Huyo wako amebambuka shavu la kushoto.
Usiandike "kasoro".
Mama yangu alilala naye miaka minne, ubavu huo huo.

Kisha tano. Ndiyo, tano. Ngoja.

Tano ni Mbwa wa Nyota, mkia wa springi.
Karafuu zilizaa mwaka ule mpaka matawi yakavunjika,
na watoto waliookota za chini
walikuja kununua kwa kibaba, bila senti.
Ukimnusa shingoni, nadhani, bado.

Sita ni wa kifuu.
Nimeona ulivyoandika: "mtindo mpya, kurejea asili".
Haukuwa mtindo, bwana.
Ulikuwa mwaka wa foleni. Maziwa hayakuja,
na maziwa yasipokuja hakuna makopo,
na pasipo makopo watu wa juu nao
hutengenezwa kwa kilichobaki baada ya kukuna nazi.

Saba ana mguu mmoja. Sijui kwa nini. Hakusema.

Halafu mizigo ya Dubai ikateremka Mkoani:
maroboti ya plastiki, kifua kinawaka,
yanatembea yenyewe, yanasema neno moja
ambalo hakuna aliyelielewa na kila mtoto alilitaka.
Babu alinunua moja. Akalifungua kwa bisibisi,
akalitazama ndani mpaka adhana ya alasiri,
akalifunga.
"Huyu hana cha kusoma," alisema,
akarudia vibatari vyake. Wa nane hakuzaliwa.

Sasa hiyo nne yako.
Umeitafuta Mombasa, umeitafuta Maskati,
umetaja bei ya kuezeka nyumba hii na ya jirani.
Unadhani ilipigwa marufuku. Unadhani ilizama.

Namba ziligongwa unyayoni kwa vyuma vidogo,
kimoja kwa kila tarakimu, alivyopewa gereji.
Chuma cha nne kilipotea mosi ya Idi,
na mtu mwenye wateja mlangoni hasubiri tarakimu.
Akaruka. Basi.

Mwaka jana, tukichimba karo la jiko,
sepetu ililia. Kikatoka cheusi, kizima.

Unaniuliza, Mize, hivi kweli ipo?
Bati ninalo. Risasi ya kuchomea ninayo.
Mkono wa babu, wanasema, ninao.
Kunywa chai kwanza, itapoa.
Mfukoni mwangu kidole gumba
kinaisoma nne kinyumenyume,
kinaisoma tena.